Mkate wa Wishwa na Aliyeupeleka: Kumsoma Saada kutoka Pemba

Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa wa vita amefungwa na Sultani wa Pate naye anangoja kuuawa. Msomaji huvutwa kwanza na ushujaa wake. Hata hivyo, utenzi unaeleza pia jinsi jamaa za mfungwa wanavyokabiliana na kifungo chake, na maelezo hayo yanaanzia jikoni.

Chakula kizuri kinachopelekwa gerezani huliwa na walinzi. Kutokana na dhuluma hiyo inazaliwa hila: mama anaoka mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, na kuficha tupa ndani yake. Walinzi wanaudharau. Liyongo anakata minyororo huku kelele za gungu zikifunika sauti ya tupa. Subira ya mama, basi, ni kazi inayofanywa mbele ya macho ya adui, na inategemea kujua adui hudharau nini.

Lakini aliyepita mlangoni mwa gereza ni Saada, kijakazi. Lau tupa ingegunduliwa, wa kwanza kushikwa angekuwa yeye. Huenda ikajibiwa kwamba Saada ni mmoja wa jamaa na kwamba uaminifu wake ni wa hiari. Matini hayathibitishi hilo: Saada anatumwa, hashauriwi. Nomino mtumwa yenyewe imetokana na kitenzi tuma katika kauli ya kutendwa.

Pemba, nomino hiyo ina historia. Baada ya kimbunga cha 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja, kisiwa hicho kilitangulia katika uzalishaji wa karafuu, na mashamba yake yalitegemea kazi ya watumwa. Amri ya 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa katika visiwa vyote viwili, ila ilimtaka mtumwa mwenyewe aende kuudai uhuru wake. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909, miaka minne tu kabla ya Kijumwa kuandika. Msomaji anayetoka katika historia hiyo hawezi kulichukulia neno kijakazi kuwa pambo la hadithi.

Kwa hiyo, kumwita mama peke yake mkombozi ni kuusoma utenzi nusu. Mfungwa alitolewa minyororo kwa msaada wa mtu asiye huru, na utenzi haumrudishii Saada fadhila hiyo. Uhakiki wa fasihi ya vita na kifungo, unaposifu ustahimilivu wa jamaa, hauna budi kuuliza pia ni nani aliyetumwa.