Menifodi Haipimwi kwa Mng'ao

Fundi akikuletea menifodi mpya ya hewa, atakachokuonyesha kwanza ni mng'ao. Alumini imepigwa msasa mpaka unajiona sura. Mpongeze, kisha igeuze. Kazi yenyewe iko ndani.

Tuchukue injini ya 1HZ ya Land Cruiser: silinda sita mstarini, lita 4.2, haikufungwa tabo kiwandani. Ndiyo inayobeba watalii wengi Arusha. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kule ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa karibu moja ya tano. Ndiyo maana wenye magari hutamani tabo. Lakini tabo husukuma tu. Anayegawa ni menifodi, na mgawaji hupimwa kwa haki yake. Hata pilau iwe sufuria tatu, wa mwisho akiambulia ukoko, aliyeshika upawa amekosea.

Kwenye dizeli kosa hilo ni ghali. Pampu huipa kila noseli kipimo kilekile cha mafuta, haiulizi silinda imepata hewa kiasi gani. Silinda iliyopunjwa hutoa moshi mweusi, ekzosi yake hupanda joto, na siku moja mlimani pistoni huyeyuka kichwa. Waliozoea petroli hujichanganya hapa: kwao uchache wa mafuta ndio unaounguza, ilhali kwa dizeli ni uchache wa hewa.

Umbo

Tazama hewa inaingilia wapi. Ikiingilia mwisho mmoja wa boksi la menifodi lenye upana uleule kote, hupita kwa kasi mbele ya silinda ya kwanza na kwenda kujazana kwenye ukuta wa mbali. Ya sita inashiba, ya kwanza inanusa. Anayejua kazi hulipunguza boksi taratibu kuelekea mwisho, kama pembe ya ng'ombe. Ikiingilia katikati, mdomo usiyakodolee macho matundu ya tatu na ya nne, maana hayo mawili yatakula kabla ya wenzao.

Mikono mirefu inayotoka kwenye boksi hadi kila silinda, iliyopindwa kwa madoido, isikubabaishe. Kwenye petroli isiyo na tabo urefu wake una uzito mkubwa. Hapa faida ni ndogo. Afadhali mifupi inayolingana.

Midomo

Pitisha kidole pale kila mkono unapoanzia kwenye boksi. Ukingo uwe umeviringwa kama mdomo wa tarumbeta. Ukiwa mkali, hewa hujikunja hapo na njia inabana. Kisha pachika gasketi kwenye flanji, ulinganishe matundu na ya silinda hedi. La menifodi likiwa dogo kwa unywele, si neno. Likiwa kubwa, hewa itajigonga kwenye ngazi kila inapopita.

Ndani

Chujio la hewa liko kabla ya tabo. Kitakachodondoka ndani ya menifodi hakina pa kukwama ila kwenye valvu na pistoni. Kwa hiyo tandika shuka jeupe, inamisha menifodi midomo chini, igonge kwa mpini wa nyundo. Niliwahi kugonga moja iliyong'aa kama sahani ya maonyesho, ikatema maganda matatu ya welding, moja saizi ya punje ya mahindi. Chuma kilichochomelewa kwa fimbo ndicho hasa chenye tabia hiyo. Alumini iliyochomelewa kwa argoni huwa safi zaidi, lakini hata hiyo imulike kwa tochi.

Ukuta na flanji

Piga hesabu. Kifuniko bapa cha sentimita 10 kwa 40, tabo ikisukuma bar 1, kinabeba takriban kilo 400 kwa ndani. Bati jembamba litavimba na kunywea kila ukikanyaga mafuta, mpaka mshono upasuke. Ukuta wa mviringo hustahimili kuliko wa boksi. Wa bapa uwe mnene au uwe na mbavu.

Flanji nyembamba ikichomelewa hujipinda kama chapati iliyosahaulika kwenye chuma. Weka rula ya chuma juu ya uso wake, jaribu kupenyeza fila ya milimita 0.10. Ikipita, irudishe ikachongwe. Gasketi si dawa ya uso uliopinda, hasa ukikumbuka kwamba kwa bar 1 bila intakula ya kuipoza, hewa inayotoka kwenye tabo huingia ikiwa imezidi nyuzi 100.

Hukumu

Yote haya ni ya mezani. Baada ya safari kadhaa za kupanda milima, fungua menifodi ya ekzosi utazame matundu sita ya silinda hedi. Yakiwa na rangi moja, umepata mgawaji. Moja likiwa jeusi tii kuliko wenzake, na noseli umeshazipima ukazikuta nzima, basi ulinunua mng'ao.