Skima Isiyojaza Kikombe: Anza na Hewa

Tangi lenyewe ni dogo: sentimita 60 kwa 35 kwa 40, yaani lita 84 kabla hujapunguza nafasi ya mawe na mchanga. Liko sebuleni katika nyumba moja ya Mombasa, lina samaki watatu na vipande vichache vya matumbawe laini. Nyuma yake imening'inizwa skima ya protini ambayo kikombe chake kilikaa kikavu wiki nenda wiki rudi, huku utando wa mafuta ukizidi kutanda juu ya maji. Mwenyewe alishaamua kununua skima kubwa zaidi. Nilimwomba asubiri. Skima iliyozidi ukubwa, kwenye tangi lenye taka chache, huishia na ugonjwa uleule: povu halipati kitu cha kulishikilia, linapanda hadi nusu ya shingo kisha linaporomoka.

Tuanze na kazi yake. Mabaki ya chakula na ute wa samaki huacha majini molekuli zenye upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia. Zikikutana na kiputo cha hewa, upande mkimbizi huingia hewani na molekuli inanasa hapo. Viputo vinapanda, maji yanachuja na kurudi chini, povu linabaki na uchafu wake na kumwagikia kikombeni. Ndiyo asili ya povu la rangi ya krimu ambalo mawimbi ya kusi hulirundika ufukweni. Basi bidhaa halisi ya skima ni uso wa viputo. Lita moja ya hewa ikigawanywa katika viputo vya milimita 3 hutoa uso wa mita za mraba 2; ikigawanywa katika viputo vya milimita 1 unapata mita za mraba 6. Chumvi nayo inasaidia, kwa kuwa huzuia viputo visiungane, na ndiyo maana skima hiyohiyo kwenye maji yasiyo na chumvi hutoa viputo vikubwa visivyofaa kitu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kupimwa ni hewa, na watu wengi hawaipimi kamwe. Chukua chupa ya nusu lita, uipindue tupu, mdomo chini, ndani ya ndoo ya maji, na upenyeze mpira wa hewa wa skima hadi karibu na kitako cha chupa. Skima inavyovuta hewa, maji yanapanda ndani ya chupa. Wewe izamishe taratibu ili maji ya ndani na ya nje yabaki usawa mmoja, vinginevyo pampu itakuwa inavuta kwa shida na kipimo kitakudanganya. Hapa nusu lita iliisha kwa sekunde 25, sawa na lita 1.2 kwa dakika. Nje ya skima mambo yalionekana sawa kabisa, maji yanazunguka na pampu inanguruma.

Lakini hewa ilikuwa pungufu, na kilichoziba njia yake kilikuwa chumvi. Pale hewa inapoingia kwenye ventyuri, yaani kibano cha bomba ambapo mkondo wa maji huivuta, matone ya maji hurukia ukingo wa tundu na kukauka, na chembe za chumvi zinajengana hadi tundu linabaki jembamba. Dawa yake ni ya bure: chovya ncha ya mpira kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu yasiyo na chumvi, skima iyavute yenyewe. Impela, yaani gurudumu la mapanga ndani ya pampu, ilihitaji zaidi, maana ilikuwa imeganda chokaa. Tuliizima pampu na kuchomoa waya ukutani, tukaitoa impela na kuiloweka kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, tukaisugua kwa mswaki na kuisuuza. Mpira nao ulikuwa umejikunja nyuma ya kabati, tukaunyoosha. Kipimo cha pili: sekunde 10, yaani lita 3 kwa dakika.

Wapo wanaong'oa mapanga ya impela na kufunga wavu wa plastiki ili viputo viwe vidogo zaidi. Kwenye pampu kubwa nimeona ikifaa. Kwenye pampu ndogo kama hii singeshauri. Wavu ukikaa upande kidogo tu, mota inatetemeka na ekseli inalika.

Hewa ilipatikana, lakini ule utando haukuondoka, kwa sababu pampu ilikuwa ikinyonya maji ya chini. Uchafu tunaoutafuta unapenda kukaa pale maji yanapokutana na hewa, kwa hiyo tulifunga kisanduku chenye meno kinachokusanya maji ya juu na kuyapeleka kwenye pampu. Hapo ndipo kazi ilipogeuka. Ila kisanduku hicho kinadai nidhamu: kwenye joto la Pwani, feni ikipuliza juu ya tangi, lita moja ikipotea kwa mvuke maji yanashuka karibu nusu sentimita, na pampu inaanza kumeza hewa kwa kelele. Kila asubuhi huongezwa maji matamu, kwani chumvi haiondoki na mvuke.

Baada ya hapo skima iliachwa bila kuguswa. Shingo iliyooshwa huchukua siku kadhaa kutulia, na mkono wenye losheni au chakula chenye mafuta hulaza povu kwa saa nyingi. Anayegeuza kirekebishi cha skima kila saa hatajua kipi kilichosaidia.

Kikombe sasa kinapata majimaji ya kahawia, ingawa mimi sikihesabu kuwa kipimo cha mwisho. Ken Feldman, mkemia wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, na wenzake walichapisha mwaka 2009 majaribio yaliyoonyesha kwamba skima walizozipima ziliondoa kati ya asilimia 20 na 30 tu ya kaboni ya viumbehai iliyoweza kupimika majini. Nitrati, ambayo hainati kwenye viputo, haiguswi kabisa. Kwa tangi la ukubwa huu, kubadilisha lita 10 za maji kila wiki bado ni kazi ya lazima, na fedha za skima kubwa zilikwenda kununua chumvi na kipima chumvi kizuri.