Leza ya Mbwa na Paka: Tazama Mkono, Acha Taa

Ile nukta nyekundu inayotembea juu ya goti la mbwa wakati wa tiba ya leza ndiyo wenye mbwa wanayoikodolea macho, na katika mashine nyingi siyo inayotibu. Miali yenyewe huwa na urefu wa wimbi wa nanomita 800 hadi 980, na jicho la binadamu haliioni. Nukta nyekundu imewekwa ili mtibabu ajue amelenga wapi. Ukitaka kujua kama mbwa au paka wako anatibiwa vizuri, tazama mkono wa mtibabu, tazama saa, kisha omba kuona anachokiandika.

Tiba hii ina asili ya Budapest. Mnamo 1967 daktari Endre Mester aliwanyoa panya, akawamulika kwa leza ili ajue kama miali hiyo huleta saratani. Saratani haikutokea. Badala yake manyoya yao yaliota upya upesi kuliko ya wenzao, na Mester akaanza kuijaribu nuru hiyo kwenye vidonda vilivyokataa kupona. Maelezo yanayokubaliwa na wengi leo ni kwamba mwanga hunyonywa na kimeng'enya kilichomo ndani ya mitokondria, seli ikapata nguvu zaidi ya kufanya kazi yake, mishipa midogo ya damu ikatanuka na uvimbe ukapungua. Leza hii haikusudiwi kukata wala kuchoma. Ile ya upasuaji ni chombo kingine kabisa.

Jambo linalotenganisha kliniki nzuri na mbaya ni kipimo. Mwanga ukiwa haba, seli haishtuki. Ukizidi mno, faida hupungua na hata uponaji unaweza kurudi nyuma. Ndiyo maana ninaamini kuwa mtibabu asiyejua hesabu yake hapaswi kushika mashine. Hesabu yenyewe si ngumu: wati moja hutoa juli moja kila sekunde. Kidonda kibichi cha juujuu kwa kawaida hupewa juli 2 hadi 4 kwa kila sentimita ya mraba, na kiungo kilicho ndani chini ya misuli hupewa 8 hadi 10, pengine zaidi. Sasa chukua nyonga ya mbwa mkubwa, eneo la sentimita za mraba 200. Kwa juli 10 kila moja, nyonga hiyo inadai juli 2,000. Mashine ya wati 10 itazitoa kwa dakika tatu na ushee. Mashine ya nusu wati itahitaji zaidi ya saa nzima. Kwa hiyo ukimwona mtu mwenye mashine ya nusu wati akimaliza nyonga ile kwa dakika tano, ametoa juli 150 tu, yaani hata juli moja haijafika kwa kila sentimita ya mraba. Vijileza vya mkononi vinavyouzwa kwa matumizi ya nyumbani, vya miliwati 100 au pungufu, vingehitaji zaidi ya saa tano kwa kazi hiyohiyo. Vinaweza kufaa kidonda kidogo. Nyonga ya mbwa mzito haviiwezi.

Wauzaji hupenda kusema kwamba mashine za daraja la 4, zinazozidi miliwati 500, hupenya ndani kuliko za daraja la 3B zilizo chini ya hapo. Kina cha kupenya hutegemea zaidi urefu wa wimbi. Nguvu kubwa huokoa muda. Nayo huja na joto, na hapo ndipo mkono unapojulikana. Mkono mzuri hausimami. Hupita pole kwa mistari inayokaribiana, kama fundi rangi anayepaka ukuta, kisha hurudi kwa mistari inayoikata ile ya kwanza. Huzunguka kiungo pande zote, kwa kuwa goti lina mbele, nyuma na ubavu. Mkono wa pili hukunja na kukunjua mguu taratibu ili mwanga upate njia, na vidole vyake hufuata nyuma ya miali vikipima joto la ngozi. Kwa mbwa mweusi, labda Labrador au Rottweiler, mtaalamu hupunguza nguvu na kurefusha muda bila kuambiwa, maana rangi nyeusi hunyonya mwanga na ngozi huweza kuungua. Manyoya mazito nayo humeza sehemu kubwa ya mwanga. Anayejali kazi yake atanyoa mahali hapo au ataongeza muda, na juu ya kidonda atafuta kwanza marhamu yote.

Aliye bora pia haishii penye maumivu. Mbwa mwenye nyonga mbovu huhamishia uzito miguu ya mbele, akachosha mabega na mgongo. Mtibabu anayepapasa mgongo wote kabla ya kuwasha mashine, akakuta misuli iliyokaza na kuitibu pia, huyo mshike.

Kabla ya hayo yote lazima mnyama awe amepimwa. Leza haipitishwi juu ya uvimbe wa saratani au unaoshukiwa kuwa saratani, wala juu ya tumbo lenye mimba, wala mahali panapotoka damu; machoni ndiyo kabisa. Kwa watoto wa mbwa na paka, gegedu za kukulia mifupa huepukwa. Kliniki inayokuuzia vipindi kumi na viwili kwa mkupuo kabla daktari hajamgusa mnyama imeshakuonyesha inachokijali. Kila aliyemo chumbani avae miwani ya kinga iliyotengenezwa kwa urefu wa wimbi wa mashine ileile, kwani miwani ya jua haisaidii, na macho ya mnyama yafunikwe au kichwa chake kigeuzwe upande. Mtu akikuambia miwani si lazima, mchukue mnyama wako mwondoke.

Paka nawaombea uangalizi zaidi. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulikuta dalili za kuchakaa kwa viungo kwenye picha za eksirei za paka 90 kati ya 100 waliozidi miaka kumi na miwili. Wengi hawachechemei, huacha tu kurukia dirisha, au hujisaidia kando ya sanduku lao kwa sababu ukingo umekuwa mrefu kwao. Dawa zao ni chache. Parasetamo huua paka, na figo za paka mzee hulazimisha tahadhari kwa dawa nyingine za maumivu. Kwa hiyo tiba isiyopita tumboni ina thamani kwao, alimradi ifanywe kwa utulivu: chumba kimya, blanketi kutoka nyumbani, kipindi kifupi, na mtibabu aliye tayari kuahirisha paka akikataa. Paka aliyekandamizwa na watu watatu hakutibiwa.

Je, inafanya kazi? Mtaalamu mkweli atakujibu bila kutia chumvi. Utafiti wa Florida uliochapishwa mwaka 2012 uliona mbwa waliopasuliwa diski za uti wa mgongo wakitembea mapema zaidi baada ya leza. Mwingine wa 2017 haukuona tofauti. Kwa viwiko vilivyochakaa, jaribio la 2018 lilipata nafuu na upungufu wa dawa. Lakini mwaka 2012 mtafiti Michael Conzemius na mwenzake walionyesha jinsi wenye mbwa, na hata madaktari, wanavyoona nafuu kwa mbwa aliyepewa dawa bandia. Upendo huona unachotamani kuona. Kwa sababu hiyo napima kliniki kwa namna inavyojipima: je, walimrekodi mbwa akitembea kabla ya kipindi cha kwanza? Walikupa dodoso la maumivu, na watalirudia? Na je, bado wanasisitiza kupunguza uzito, mazoezi na dawa? Leza ni nyongeza ya hayo.

Mwanzoni vipindi huwa viwili au vitatu kwa wiki, kisha huachana kadiri mnyama anavyopata nafuu. Baada ya wiki tatu au nne, weka video ya sasa kando ya ile ya kwanza. Kama hakuna kilichobadilika, daktari mzuri ndiye atakayetangulia kusema tuache au tutafute chanzo kingine. Omba nakala ya rekodi: wati, sekunde, eneo, jumla ya juli na tarehe. Ukihamia mji mwingine, daktari mpya ataweza kuendelea na kipimo kilekile.