Kila Kijiji na Mzazi Wake

Mifumo mingi ya mtandaoni inayomtaka Mtanzania wa Bara aeleze anakoishi humpitisha njia ile ile: mkoa, wilaya, kata, kisha mtaa akiwa mjini, au kijiji na kitongoji akiwa shamba. Kwenye kioo jambo hili huonekana jepesi. Kuna jina la mkoa na pembeni yake kishale. Ukikibofya, wilaya zinateremka chini yake, zimeingia ndani kidogo. Ukibofya wilaya, kata nazo zinajitokeza. Anayetafuta kijiji chake hukifikia mara moja, wala hana sababu ya kumfikiria aliyeupanga mti ule. Mimi humfikiria. Kazi yake ni miongoni mwa kazi nadhifu kabisa katika utengenezaji wa tovuti, na kwa kuwa ikifanywa vizuri haionekani, hakuna anayeisifu.

Data zenyewe haziji zikiwa mti. Huja kama jedwali: kila mahali na mstari wake, na katika kila mstari mna namba ya utambulisho, jina, na namba ya mzazi. Mstari wa kata haujui una vijiji vingapi wala uko ngazi ya ngapi. Unajua tu uko chini ya nani. Mgeni wa kazi hii hudhani huo ni upungufu, akatamani kila kitu kihifadhiwe kikiwa kimeshapangwa, mkoa umebeba wilaya zake na wilaya imebeba kata zake. Huko watu walikwisha kupita. Hifadhidata ya IMS, ambayo IBM iliitengeneza katika miaka ya 1960 wakati wa mradi wa Apollo wa kwenda mwezini, ilihifadhi data kwa mpango wa mti. Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa IBM hiyo hiyo, akachapisha makala akitetea majedwali ya kawaida, na hifadhidata nyingi za leo ni watoto wa makala ile.

Ubora wa jedwali unaonekana siku nchi inapobadilika. Mwaka 2012 Tanzania iliongeza mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mwaka 2016 ukafuata Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya. Katika jedwali linalomtaja mzazi peke yake, kuzaliwa kwa Songwe ni mstari mmoja mpya, na wilaya kama Mbozi na Ileje kubadilishiwa namba ya mzazi. Basi. Kata na vijiji vyote vilivyo chini yake vimehama bila kuguswa. Kuna mtindo mwingine, uliotangazwa sana na Joe Celko katika vitabu vyake vya SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, ambao kila mstari hupewa namba mbili, ya kushoto na ya kulia, na namba za watoto hukaa katikati ya zile za mzazi. Kuusoma ni raha: swali moja fupi linakuletea mkoa mzima na vilivyomo. Lakini ukihamisha tawi, inabidi uhesabu upya namba za sehemu kubwa ya jedwali. Nauheshimu mtindo huo, ila siwezi kuipa nchi inayopenda kugawa mikoa.

Utamu wenyewe uko kwenye kuligeuza jedwali liwe mti. Njia inayomjia mtu haraka ni kushika kila mstari na kuipekua orodha nzima kutafuta watoto wake. Kwa mistari 20,000 hiyo ni milinganisho milioni 400, na kivinjari kwenye simu ya bei nafuu kitaganda mtumiaji akiangalia. Fundi hupita mara mbili tu. Mara ya kwanza anaweka kila mstari kwenye droo yake, na droo imeandikwa namba ya utambulisho. Mara ya pili anashika kila mstari, anasoma namba ya mzazi, anafungua droo ya mzazi huyo moja kwa moja na kumkabidhi mtoto. Asiyetajiwa mzazi ni mzizi. Kazi imekwisha kwa hatua 40,000.

Kinachonifurahisha zaidi hapo ni kwamba mpangilio wa mistari hauna maana yoyote. Kitongoji kinaweza kufika kabla ya kijiji chake, na kijiji kikakabidhiwa kwa kata ambayo yenyewe bado haijafika kwenye wilaya. Haidhuru, kwa sababu kilichokabidhiwa si nakala. Ni kitu chenyewe, na chochote kitakachopata baadaye kitakuwa nacho popote kilipo. Mti unajijenga kutoka pande zote kwa wakati mmoja, na mwishoni unakuta umeungana.

Au haukuungana. Mstari unaweza kutaja mzazi ambaye hayumo, labda kwa sababu kata ilifutwa na vijiji vyake vikasahauliwa. Msimbo wa mtu mvivu huuruka mstari huo kimyakimya: hakuna kosa linaloripotiwa, kijiji kimetoweka, na mkazi wake anaambiwa achague jina lisilokuwepo. Baya zaidi ni mzunguko, pale A anapotajwa kuwa mtoto wa B, na B mtoto wa A. Katika njia ya kupita mara mbili wawili hawa watakabidhiana vizuri kabisa, ila hawatashikana na mzizi wowote, kwa hiyo hawataonekana kamwe. Ndiyo maana fundi mzuri huhesabu mwishoni. Mistari iliyoingia na majina yanayofikika kutoka mizizini lazima yalingane. Yasipolingana, waliobaki nje wawekwe mahali pa wazi ili mwenye data awaone.

Halafu kuna suala la ngazi. Wengi huandika msimbo unaosema ngazi ya kwanza ni mkoa, ya pili ni wilaya, ya tatu ni kata. Lakini ukivuka kwenda Zanzibar kuna ngazi iitwayo shehia. Ukienda Kahama, unakuta wilaya moja yenye halmashauri tatu: Manispaa ya Kahama, Msalala na Ushetu. Kina cha mstari kwenye mti si aina yake. Kila mstari ubebe aina yake, na mti uruhusiwe kuwa mrefu huku na mfupi kule. Na kata hiyo hiyo iko ndani ya tarafa kwa utaratibu wa serikali kuu, tena iko chini ya halmashauri kwa utaratibu wa serikali za mitaa. Ina wazazi wawili halali, na mti wa kwenye kioo haukubali wawili. Hapo programu haina jibu. Lazima mtu aamue mti huu unamhudumia nani, mkuu wa wilaya au mkurugenzi wa halmashauri, na mwingine atengenezewe wake kutoka jedwali lile lile.

Kwenye kioo kwenyewe kuna hila zake. Hatuleti nchi nzima mara moja. Wilaya huletewa kata zake zinapoombwa. Kwa hiyo data lazima ziweze kusema mambo matatu tofauti: hana watoto, anao na hawa hapa, anao lakini hawajaletwa. Mifumo mingi huchanganya la kwanza na la tatu, ndiyo maana unaona kishale ambacho ukikibofya hakifungui kitu. Na mti mkubwa ukishafunguliwa sana, hulazwa tena kuwa orodha, yenye mistari inayoonekana kwenye kioo tu, kila mmoja ukibeba kina chake ili ujue usogezwe ndani kiasi gani. Asiyeona naye ana haki yake: kanuni za WAI-ARIA za W3C, shirika la viwango vya wavuti, zinataka programu inayomsomea kioo iweze kumtajia ngazi aliyopo, yuko wa ngapi kati ya ndugu wangapi, na tawi limefunguliwa au limefungwa. Kishale cha kulia kwenye kibodi hufungua tawi. Cha kushoto hulifunga, na likiwa limefungwa tayari, humpandisha kwa mzazi.

Mimi huupima mti kwa kutafuta jina la Majengo. Ipo Majengo ya Dodoma, ipo ya Moshi, na miji mingine kadhaa ina Majengo yake. Mti uliopangwa ovyo huleta safu ya majina yaliyofanana na kukuacha ubahatishe. Uliopangwa vizuri huacha wazi matawi yanayohusika tu, kila Majengo ikiwa na wilaya na mkoa wake juu yake, na namba ya utambulisho, ambayo mtumiaji haioni, ndiyo inayokwenda kwenye seva.