Mizani 144 za Boya la Dharura

Chombo kikizama, boya la dharura huchomoka, huelea, kisha huanza kuziita setilaiti za Cospas-Sarsat kwenye megahezi 406. Utungo wake mrefu una biti 144, kila moja ni sifuri au moja. Aliyezoea arudhi atahesabu upesi: mishororo 9 ya mizani 16, bila kupungua wala kuzidi. Ni sadfa tu, lakini ndiyo iliyonifanya niusome kama shairi.

Hutangulia mvumo mtupu wa sekunde 0.16. Hufuata moja 15 mfululizo, kama wapiga ala wanaolinganisha nyuzi kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Kisha zinakuja biti 9 zenye ufundi wa ajabu: zigeuze 8 za mwisho, sifuri ziwe moja na moja ziwe sifuri, na kilio cha kweli kitakuwa jaribio tu. Baadaye ni namba ya nchi (Kenya ni 634), utambulisho wa chombo, na mahali kilipo. Hakuna panapoandikwa "tuokoeni". Ombi lote limebebwa na umbo.

Biti 33 hazileti habari mpya. Zimekokotolewa kutokana na nyingine ili kugundua na kurekebisha makosa. Asiye na subira ataziita ziada; mimi naziita vina. Malenga akikosea neno, kina hugoma, na wasikilizaji hujua palipoharibika.

Uzuri hasa umo katika ukimya. Shairi zima husomwa kwa sekunde 0.52, kisha kimya, na huanza upya baada ya takriban sekunde 50. Hiyo "takriban" ni ya makusudi: muda huyumba kati ya sekunde 47.5 na 52.5 ili maboya mawili ya dhoruba moja yasigongane kila mara. Betri hutakiwa kudumu saa 48, na katika saa hizo zote mtambo huu wa wati 5 husema kwa jumla ya nusu saa tu.

Nidhamu hiyo inavunjwa na sauti ya pili, ya megahezi 121.5, inayolia karibu muda wote kwa nguvu ndogo ili mwokoaji aliyekwisha sogea aifuate. Kwa jicho la mhakiki ni porojo, ila nisingethubutu kuifuta.

Ukipanda boti, muulize nahodha tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye betri ya boya lake.