Mwisho wa Iditarod kwa saa ya mtoto

Mshindi wa mbio za Iditarod wa 2016 alipita chini ya tao la mbao mjini Nome, Alaska, saa 8:20 usiku. Wa 2018 alifika saa 9 usiku, wa 2019 saa 9:39 usiku, wa 2020 saa 6:37 usiku, wa 2022 saa 11:38 alfajiri, wa 2025 saa 8:55 usiku. Miongoni mwa waliowahurumia wenye watoto ni Ryan Redington, aliyemaliza saa 6:12 mchana mwaka 2023, na Dallas Seavey aliyefuata mwaka 2024 saa 11:16 jioni. Orodha hii inatosha kuonyesha anakokosea mzazi anayempandisha ndege mtoto wa miaka minne ili akamwone mshindi. Mbio hizi za sleji, yaani vile vyombo visivyo na magurudumu vinavyokokotwa na mbwa juu ya theluji, hazina mwisho mmoja. Zina miisho ishirini na kitu, iliyotawanyika kwa siku kadhaa, na kila mmoja unapitia tao lilelile, king'ora kilekile na uzio uleule wa barabara ya Front Street. Hoja yangu ni kwamba mzazi achague mwisho unaolingana na usingizi na tumbo la mtoto, nafasi ya timu kwenye matokeo aiache kando. Na vifaa vya kufanyia uchaguzi huo vimo ndani ya kanuni za mbio zenyewe.

Cha kwanza ni White Mountain, kituo kilicho kilomita 124 hivi kabla ya Nome. Hapo kila timu hulazimika kupumzika saa nane kamili, hata kama kiongozi ana haraka ya kufa mtu. Kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya mbwa, lakini inampa mzazi kitu adimu, muda wa kuondoka unaojulikana saa nane kabla. Tuseme timu ya katikati ya msafara imeingia White Mountain saa 2 usiku. Haitaondoka kabla ya saa 10 alfajiri. Ukiipa saa kumi hadi kumi na mbili za njiani, itafika Nome kati ya saa 8 na saa 10 mchana, mtoto akiwa ameshakula na kulala. Cha pili ni Safety, kituo cha mwisho, kilomita 35 hivi kutoka kwenye tao. Timu ikitoka hapo zimebaki kama saa tatu au nne. Cha tatu ni king'ora cha mji, ambacho hulia kila timu inapokaribia, iwe ya bingwa au ya ishirini na tano. Hapo ndipo mtoto avalishwe koti na buti, wala si dakika moja kabla, kwa sababu mtoto aliyevalishwa mapema hutokwa jasho ndani ya nyumba, na jasho hilo ndilo litakalomgandisha nje.

Atakayepinga atasema upepo wa pwani ile hauheshimu hesabu. Ni kweli, na ushahidi mzito ni wa 2014. Jeff King, akiwa mbele, alipeperushwa nje ya njia kabla ya kufika Safety akalazimika kujitoa. Aliy Zirkle alifika Safety akabaki hapo zaidi ya saa mbili akisubiri dhoruba itulie. Dallas Seavey akawapita wote wawili bila kujua, akaingia Nome saa 10:04 alfajiri akidhani yuko nyuma yao, na Zirkle akamfuata baada ya dakika mbili na kitu. Aliyekuwa amehesabu kutokea White Mountain usiku ule alipotea kabisa. Lakini tazama hitilafu ilitokea wapi. King hakufika Safety akiendesha timu yake, na Zirkle alionekana amefika lakini hakuondoka. Kwa hiyo mfumo haukuvunjika, ila ulimtaka msomaji wake aangalie muda wa kuondoka Safety na asiridhike na muda wa kufika. Makadirio ya White Mountain ni ya kupangia chakula na usingizi, na taarifa ya kuondoka Safety ni ya kutafutia soksi.

Pingamizi zito zaidi ni la baridi. Mwezi wa Machi, timu zinapofika Nome, kipimajoto hushuka kirahisi chini ya nyuzi hasi 15 za Selsiasi, na upepo wa baharini huongeza makali. Mwili wa mtoto hupoteza joto upesi kuliko wa mtu mzima kwa sababu ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na uzito wake. Tena mtoto aliyebebwa au kuketishwa kwenye kisleji hachezi, hivyo hazalishi joto kama anayetembea. Soksi mbili ndani ya buti linalobana ni hatari kuliko soksi moja nene ndani ya buti lenye nafasi, kwani damu ikibanwa joto halifiki vidoleni. Glavu za mfuko, zinazokusanya vidole vinne pamoja, zinashinda zile za kidole kimoja kimoja. Na hapa kuna jambo ambalo vipeperushi vingi huliruka. Vinaagiza utazame shavu likigeuka jeupe au jekundu, dalili inayoonekana vizuri kwenye ngozi nyeupe. Kwa mtoto mweusi rangi inaweza kukudanganya. Vua glavu yako, mguse shavu na ncha ya pua, na ukikuta pagumu au panateleza kama nta, au akisema hapasikii, ingia ndani mara moja hata kama timu iko mita hamsini. Hayo yote ni sababu ya kufupisha kusimama nje hadi robo saa. Sioni kama ni sababu ya kutokwenda.

Wapo watakaouliza kwa nini asipelekwe Anchorage, kwenye uzinduzi wa kisherehe wa mbio, ambako timu hutoka moja baada ya nyingine mchana kweupe. Ni rahisi zaidi, sibishi. Ila mbwa wanaoanza huruka na kubweka kwa namna inayoweza kumtisha mtoto mdogo, wakati wanaomaliza huja karibu kimya, wakikimbia kwa mdundo mmoja. Kwa macho ya mtoto, mwisho una ukubwa unaomtosha: timu moja, mtu mmoja, mbwa kumi hivi ambao anaweza kuwahesabu.

Na akihesabu atauliza wengine wako wapi. Timu huanza na mbwa wasiozidi 16 na kanuni inataka angalau watano wafike. Wengi wa waliopungua wameachwa vituoni mikononi mwa madaktari wa mifugo na kurudishwa kwa ndege, na jibu hilo analielewa. Lakini mwaka 2024 mbwa watatu walikufa njiani, na wapo wanaotaka mbio zifutwe kwa sababu hiyo. Mzazi asiyetaka kuligusa swali hilo abaki nyumbani, kwa sababu akifika Nome litamfuata.

Timu ikishasimama chini ya tao, waamuzi hufungua mfuko wa sleji na kukagua vifaa vya lazima: shoka, viatu vya kutembelea thelujini, mfuko wa kulalia, jiko. Watu wazima wengi wanakuwa wameanza kutawanyika, nao wanakosea, kwa kuwa hapo ndipo uzio unapopata nafasi. Mtoto ataona viatu vya kitambaa miguuni mwa mbwa, barafu kwenye ndevu zao, na mwendeshaji akipita kwa mbwa mmoja mmoja akimsugua shingo kabla ya kumpa kipande cha nyama. Dakika kumi zinatosha. Asipoacha kuuliza, hamishieni maswali mgahawani, ambako king'ora kinachofuata kitasikika vilevile.