Miligramu sita dhidi ya kinga yenyewe

Mwanzoni mwa 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri wagonjwa wa UVIKO-19 wasipewe steroidi kiholela. Hoja ilikuwa na mashiko: steroidi hufifisha kinga ya mwili, na mwenye virusi anaihitaji kinga yake. Ila wodini mambo yalikwenda kinyume. Wagonjwa wengi walizidiwa wiki ya pili, virusi kooni vikiwa vimeshaanza kupungua. Nani basi aliyekuwa akiharibu mapafu?

Mshukiwa mkuu alikuwa makrofaji, seli inayokaa ndani ya vifuko vya hewa ikila vumbi na vijidudu. Kwa mgonjwa mahututi, makrofaji wenyeji hupungua, na nafasi yao huchukuliwa na seli kali zinazotoka kwenye damu. Hizi humwaga kemikali kama intalukini-6 na kuita wenzao. Nyutrofili, seli nyingine za kinga, nao hutema nyuzi za DNA zinazonasa vijidudu lakini pia zinagandisha damu katika mishipa midogo. Kuta za vifuko huvuja, maji hujaa, oksijeni haipiti.

Hata hivyo, kukuta seli hizo kwenye mapafu yaliyoharibika hakuthibitishi kwamba ndizo zilizoyaharibu. Njia ya kujua ni kuzituliza na kuona nani anapona. Ndivyo lilivyofanya jaribio la RECOVERY la Uingereza, chini ya Peter Horby na Martin Landray wa Oxford. Kompyuta ilipanga kwa bahati nasibu: wagonjwa 2,104 wapewe deksamethasoni, aina ya steroidi, miligramu 6 kwa siku hadi siku 10, wengine 4,321 waendelee na matibabu ya kawaida. Kipimo kikuu kilikuwa idadi ya waliokufa ndani ya siku 28.

Ufundi wake, kwa maoni yangu, umo katika kuwagawa wagonjwa kwa namna walivyokuwa wakipumua siku ya kuingizwa kwenye jaribio. Waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia walikufa asilimia 29.3 kwa dawa, 41.4 bila dawa. Waliopewa oksijeni tu: 23.3 kwa dawa, 26.2 bila dawa. Wasiohitaji oksijeni: 17.8 kwa dawa, 14.0 bila dawa. Tofauti hiyo ya mwisho, ikisimama peke yake, ingeweza kuwa ya bahati. Lakini ukizisoma tatu kwa pamoja, unaona faida ikififia kadiri mapafu yanavyokuwa mazima.

Deksamethasoni hutuliza mengi kwa mpigo, hivyo haimtaji mkosaji. Jaribio lilelile likapima tosilizumabu, inayoziba mlango wa intalukini-6 peke yake, kwa wagonjwa ambao wengi wao tayari walikuwa kwenye steroidi. Vifo vikashuka kutoka asilimia 35 hadi 31: intalukini-6 ilikuwa miongoni mwa wakosaji.

Lakini si wote walioangushwa na kinga iliyozidi; wapo walioanguka kwa upungufu wake. Mwaka 2020, kati ya wagonjwa 987 mahututi waliochunguzwa na kundi la mtafiti Jean-Laurent Casanova, 101 walikuwa na kingamwili zinazozima interferoni, ishara ya kwanza ya hatari ambayo seli hutoa virusi vinapoingia. Kwao, virusi vilipata siku za mwanzo za kuzaliana bila bughudha, kabla makrofaji hawajaitwa.